Sebule ni ya Nani?

Ukizuru mtaa wa Buruburu hapa Nairobi, ambao ulianza kujengwa katika miaka ya 1970, utaona safu kwa safu za nyumba zinazofanana kama mapacha. Paa ni lile lile, ngazi ni zile zile, na madirisha yamekaa mahali pamoja, ijapokuwa wengine wameongeza vyumba mbele. Lakini hebu piga hodi! Huku utakuta makochi yaliyofunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, kule zulia jekundu toka ukuta hadi ukuta, na katika nyumba ya tatu mikeka na matakia sakafuni. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Siku hizi kupamba nyumba ni kazi ya watu waliosomea. Hufika na utepe wa kupimia, wakakuuliza wapenda rangi gani na una kiasi gani cha fedha, kisha wakaigeuza sebule yako hata majirani wasiitambue. Sina ugomvi nao. Kipendacho moyo ni dawa, na mtu aliyetoa jasho lake ana haki ya kukaa mahali panapompendeza. Swali langu ni moja tu: ni moyo wa nani huo? Mlipaji huwa mmoja au wawili, lakini wakaaji ni wengi.

Nayasema haya kwa sababu ya yaliyojiri nyumbani kwa kaka yangu mkubwa. Baada ya baba kuaga dunia, mama alitoka mashambani akaja kukaa naye. Kaka na wifi ndio kwanza walikuwa wamemaliza kuipamba sebule yao upya. Bibi waliyempa kazi hiyo aliwafanyia kila walilolitaka: makochi meupe ya chini, meza ya kioo, kuta za kijivu na taa nyeupe za kumeremeta. Kila mgeni aliyeingia alisifu.

Mama hakusema neno. Ila baada ya muda tulitambua kwamba hakai sebuleni. Asubuhi alikuwa jikoni juu ya kigoda, akichambua mboga. Jioni, wengine wakitazama habari, yeye alikuwa chumbani ameketi kitandani, mlango ameuacha wazi kidogo ili asikie sauti zetu. Miezi miwili ilipopita akaanza kuulizia nauli ya kurudi mashambani. Wifi alilia. Alidhani mavyaa wake amemchukia.

Kumbe hapakuwa na chuki yoyote. Makochi yalikuwa chini mno. Mama ana magoti yenye maumivu, na akishaketi hawezi kuinuka bila kushikwa mkono, jambo ambalo hakutaka litendeke mbele ya wageni. Meza ya kioo aliiogopa asije akaivunja. Taa zilimchoma macho. Isitoshe, picha ya baba, ambayo aliibeba ndani ya basi ikiwa imefungwa kwa leso, ilikuwa bado chini ya kitanda kwa kuwa ukutani haikupangiwa mahali.

Wifi alimwita tena yule mpambaji. Safari hii bibi yule hakuanza na rangi. Alimwomba mama amwonyeshe anapokaa na anachofanya tangu kupambazuke hadi kulala. Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi sitafuti kiti kizuri. Natafuta kiti ninachoweza kuinuka mwenyewe."

Yaliyobadilishwa hayakuwa mengi. Fundi mmoja wa Gikomba alichonga kiti cha mbao chenye mikono, pa kukalia pakiwa sentimita 48 kutoka sakafuni, ilhali makochi yale yalikuwa na sentimita 35. Mto wake ulishonwa kwa kitambaa cha makochi ili kisionekane kiti cha mgonjwa. Kiliwekwa karibu na dirisha la mashariki, mama apate jua la asubuhi. Meza ya kioo ilisogezwa, ikaachwa njia ya sentimita 90, ya kumtosha mtu mwenye mkongojo. Balbu zilizoandikwa 6500K, zenye mwanga mweupe mkali, zikaondolewa, zikatiwa za 2700K ambazo mwanga wake ni wa manjano na umetulia.

Kilichozua mabishano ni ukuta. Kaka alitaka televisheni ya kuujaza wote. Wifi alitaka ubaki mtupu. Mama alitaka mumewe aonekane. Suala hilo lilichukua wiki nzima. Mwishowe kaka alikubali televisheni ndogo zaidi, na picha ikatundikwa mkabala na kiti cha mama. Hadi leo wifi husema fremu ile haipatani na kuta zake, lakini hajaiondoa. Naye mama hajauliza nauli tena, ingawa hutukumbusha kwamba msimu wa kupanda ukifika lazima aende akaone shamba lake.

Wenzetu wa Lamu walilijua jambo hili kitambo. Katika nyumba za mawe za mji ule wa kale, ambao uliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2001, vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Hata hivyo, mpangilio wake ulifuata maisha ya watu. Mgeni wa kupita aliishia dakani. Njia ya kuingilia ilipinda ili macho ya barabarani yasifike uani. Chumba cha ndani kabisa kilikuwa cha wenyewe, na huko ndiko kulikokuwa na zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyotiwa nakshi, ambamo vyombo vya kauri viliwekwa. Pambo bora kabisa halikuwekwa barabarani ili wapita njia walisifu.

Huenda wewe msomaji huna fedha za kumlipa mpambaji. Labda u mwanafunzi mwenye chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba hataki hata msumari ukutani. Hilo lisikuvunje moyo. Kusogeza kitanda mbali na dirisha la magharibi linalonasa joto la alasiri hakukugharimu chochote, na kubadili balbu hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Lakini kama mnaishi wengi, kabla hujamwita fundi wala kununua rangi, chukua karatasi uandike majina ya wote wanaolala chini ya paa lako: watoto, nyanya, hata yaya. Kando ya kila jina andika mahali mtu huyo anapokaa saa mbili usiku. Ukiona mmoja ambaye kila siku yuko jikoni au chumbani peke yake, mwendee umwulize kwa nini, na kazi ya kupamba ianzie hapo.