Kutoka Makupa Hadi Timboroa: Pumzi ya Injini ya Lori

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa kwenda bara huvuka Makupa, akapanda Changamwe, na hapo sauti ya mji hubadilika. Nyuma yake ameacha honi za matatu na wito wa wachuuzi. Mbele yake ni nyundo juu ya chuma na malori yangurumayo yakiwa yamesimama. Kuanzia hapo, kupitia Jomvu hadi Miritini, gereji na maduka ya spea yamepangana kandokando ya njia, na baina yake wamo akina mama wauzao mahamri na mbaazi kwa madereva na mafundi. Ardhi yenyewe imekuwa nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Wengi wetu hupita hapa ndani ya basi, madirisha yamefungwa. Juma hili tunawaomba wasomaji wetu washuke pamoja nasi, kwani riziki ya nyumba nyingi za pwani hutengenezwa, na pengine huharibiwa, mahali hapa.

Tulifika kwa mwaliko wa mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane mwenye watoto wanne. Mali kubwa waliyoachiwa yeye na watoto wake ni lori moja la Isuzu, lenye injini iitwayo 6BD1: silinda sita, ujazo wa lita 5.8 hivi, bila tabo. Hupeleka mchele na saruji Eldoret, hurudi na mahindi. Dereva ni mwanawe mkubwa. Kwa miezi kadhaa lori lilikuwa likinywa oili, likiwaka kwa taabu asubuhi, na kila likikaribia Timboroa hutoa moshi mweusi na kuchemka. Mama alitaka mapatano yake na fundi yaandikwe mbele ya mashahidi, maana ndani ya mali hiyo mna haki za mayatima.

Ili kufahamu ugonjwa wa injini ile, yapasa kwanza kuifahamu njia yake. Lori liondokalo Changamwe huanza karibu na usawa wa bahari. Hupanda Mazeras, hupita mizani ya Mariakani, hukata nyika ya Taru hadi Voi na Mtito Andei, hupita Sultan Hamud, mji uliobeba jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Zanzibar, na baada ya kilomita 480 hivi huingia Nairobi, ulio juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi. Hapo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja katika sita. Likiendelea hadi Timboroa, barabara hupita mita 2,700, na upungufu wa hewa hukaribia robo. Dereva hauoni upungufu huo kwa macho. Injini ndiyo iuhisiyo, kwa sababu kila pistoni huvuta ujazo ule ule, lakini ndani yake hewa imepungua.

Na hewa ndiyo roho ya injini ya dizeli. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini yake ilifanikiwa mjini Augsburg mwaka 1897, alijenga juu ya kanuni moja: hewa ikibanwa sana hupata moto. Katika injini za leo hubanwa hadi kubaki sehemu moja ya kumi na saba hivi ya ujazo wake, joto likazidi nyuzi 500, kisha dizeli hunyunyizwa na kuwaka yenyewe bila cheche. Basi injini hii ina maadui wawili: uchakavu unaoivujisha hewa iliyobanwa, na mlima unaoinyima hewa ya kubana. Lori la mama lilikuwa limepatwa na wote wawili.

Fundi alikuwa ameshaifungua injini yote na kuipanga juu ya magunia safi, kila kitu na namba yake. Ni mtu wa makamo, mwenye maneno machache. Alituita karibu na bloku, akatuonyesha kwa kipimo. Kipenyo cha silinda ya 6BD1 kikiwa kipya ni milimita 102. Alipima juu, katikati na chini, kwa upande huu na ule, na kila alichokipata alikiandika daftarini mbele yetu. Juu, pale ringi zinapogeukia, chuma kilikuwa kimelika na kuacha ukingo unaohisika kwa ukucha. Silinda mbili hazikuwa duara tena.

Kisha alitia kidole katika njia za maji, akatoa ukoko mweupe. Akina mama wataujua mara moja, kwani ndio uleule ugandao ndani ya birika. Visima vyetu vingi vya pwani ni vya maji ya chumvi, na taniboi aliyekosa mfereji huchota yaliyo karibu. Ukoko huo hulizuia joto lisitoke kwenye chuma. Vilevile thamostati ilikuwa imeng'olewa zamani, kwa dhana kwamba pwani ni joto na haihitajiki. Kumbe kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake upesi na kuiweka hapo. Isipokuwapo, injini huenda baridi kwenye mteremko, ikalika na kula dizeli bure.

Hapo yule kijana akasema la moyoni. “Ami, wenzangu wanasema tubadilishe ringi tu, kisha tuongeze pampu. Mlimani napitwa na kila mtu.”

Fundi akamjibu bila kumkemea. “Ringi mpya ndani ya silinda iliyopinda hazizibi, mwanangu. Na ukiongeza dizeli bila hewa, umeongeza moshi na moto. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660, na pistoni zako ni aluminiamu. Tunaanza na maji, tunafuata oili, kisha hewa. Dizeli ni ya mwisho.”

Tumeuhifadhi mpango huo, kwani ndani yake mna tofauti ya nguvu ya kujionyesha na nguvu ya kutegemewa. Pampu huongezwa kwa bisibisi na spana katika muda wa kunywa chai, na siku ile ile dereva hufurahi. Hesabu yake huja baadaye, porini, usiku, pistoni inapotoboka na mahindi yakiwa juu.

Gharama aliyoitaja fundi ilizidi akiba ya mama. Alinyamaza kidogo, akavua bangili zake mbili za dhahabu, zilizokuwa katika mahari yake. Mwanawe akashika mkono wake: “Mama, hizo usiuze.” Akamwambia, “Dhahabu haiwapeleki nduguzo shule, mwanangu. Lori huwapeleka.” Bangili ni mali yake peke yake, ilhali lori ni lao wote kwa mafungu yao. Kwa hivyo tulimshauri thamani yake iandikwe kuwa ni deni juu ya lori, lilipwe kwake kidogo kidogo kutokana na mapato. Akaridhika, na likaandikwa.

Kazi ilichukua wiki tano. Bloku ilisafishwa ukoko, ikapelekwa karakana ya kukereza kutiwa silivu mpya. Kranki ilisuguliwa na kupata beringi za kipimo chake, kwa nafasi isiyozidi sehemu chache za mia za milimita, ambamo oili hujitandaza kama utando. Vali zilikaliwa upya, nozo zikapimwa moja moja, pampu ya oili ikabadilishwa, rejeta ikafunguliwa, thamostati ikarudishwa.

Baada ya hayo ndipo ilipokuja hewa. Injini hii ina nduguye, 6BD1T, aliyetoka kiwandani na tabo. Tabo ni feni linalozungushwa na moshi utokao, nalo huisukumia injini hewa zaidi; mhimili wake waweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya oili. Fundi alitia pistoni za ndugu huyo pamoja na tabo ya msukumo wa kiasi, akafunga kipimajoto kwenye bomba la moshi, mbele ya macho ya dereva. Pampu ilirekebishwa mwisho, juu ya mashine, kwa kiasi ambacho hewa yaweza kuchoma. Alama yake ni wazi: moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa, nao ni fedha ipotayo angani.

Safari ya kwanza ilikuwa hadi Voi kwa nusu ya mzigo. Oili ikamwagwa na kuchunguzwa kama ina vumbi la chuma, ikatiwa mpya. Ya pili ilikuwa Eldoret. Kijana alimpigia mamake simu kutoka Timboroa: bado alipitwa na malori makubwa, lakini maji hayakupungua, wala moshi haukuonekana kwenye kioo. Akaongeza kuwa anapofika huiacha injini ingurume polepole dakika mbili tatu kabla ya kuizima, ili tabo ipoe ikiwa bado inapata oili.

Ndugu zetu, na hasa akina mama mlioachiwa gari mkawa hamjui lililo ndani yake, si lazima mshike spana. Mwombeni fundi awaonyeshe kipimo kabla ya kutaja bei, na akiandike. Ombeni kuziona spea kuukuu na mpya zikiwa pamoja. Ulizeni habari ya maji na oili kabla ya kuuliza habari ya nguvu. Fundi mwaminifu hataona vibaya. Daftari lake humlinda yeye kama linavyowalinda nyinyi.

Daftari la lori lile sasa liko kabatini kwa mama, pamoja na hati ya deni la bangili. Kila safari irudipo, huandika humo oili iliyotiwa, dizeli iliyonunuliwa, na kiasi kilichopunguzwa katika deni lake.