Asili ya Jina la Attenborough

Huko Uingereza jina la Smith, maana yake mhunzi, limetapakaa kila mji, kwa kuwa wahunzi walikuwako kila mahali. Lakini jina la Attenborough ni adimu. Asili yake huhusishwa na kijiji chenye jina hilo hilo, kando ya mto Trent, katika jimbo la Nottinghamshire.

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester walieleza uchunguzi wao juu ya alama za urithi ambazo mtoto wa kiume huzipata kwa baba yake tu. Kwa akina Smith hawakuona shina moja. Kwa akina Attenborough, karibu wanaume 9 katika kila 10 walikuwa na alama za namna moja, dalili kwamba walitokana na babu mmoja wa kale.

Ukoo huo mdogo ulivuma duniani kwa ndugu wawili: Richard, aliyetengeneza filamu ya Gandhi ya mwaka 1982, na David, mashuhuri kwa filamu za wanyama. Hata hivyo, heshima yake ilianzia nyumbani. Mwaka 1939 wazazi wao, Frederick na Mary, waliwapokea wasichana wawili wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, wakawalea miaka yote ya vita pamoja na wana wao watatu, kama ndugu wa tumbo moja.

Damu humpa mtoto jina; matendo ya wazazi hulipa jina hilo heshima. Wema hauozi.