Kuku wa Kuchi wa Kuruwitu

Msafiri atokaye Kilifi kwenda Mombasa, akifika Vipingo penye mashamba ya katani na kushika njia ya mchanga iendayo upande wa bahari, hufika Kuruwitu. Nchi yake ni mawe ya matumbawe chini na mchanga juu, pamoja na minazi, mikorosho na mihogo. Jina la mahali hapa limeenea kwa sababu ya samaki: mwaka 2005 wenyeji walitenga sehemu ya bahari yao, wakakubaliana isivuliwe, na mwaka 2017 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta, itolewayo na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Lakini mimi, nilipopata likizo, sikwenda kutazama samaki. Nilikwenda kutazama kuku.

Kuchi si kuku wa kila ua. Umwonapo jogoo wake mara ya kwanza utadhani ni ndege wa namna nyingine kabisa: shingo ndefu, miguu mirefu minene, mdomo mfupi uliopinda, na upanga mdogo uliolala kichwani. Manyoya yake ni machache, hata ngozi nyekundu huonekana kifuani. Husimama wima kama askari wa zamu. Ukoo wake umetoka mbali. Wataalamu waliochunguza nasaba ya kuku wa Tanzania waliona kuwa kuchi ana ujamaa na shamo, kuku wa kupigana wa Japani, ambaye jina lake lenyewe limetokana na Siam, yaani Thailand ya leo. Si ajabu kwa mwambao uliofanya biashara na nchi za mashariki kwa karne nyingi.

Mzee aliyenikaribisha alinipa kigoda chini ya mwembe, akaniambia, "Mwanangu, kuchi hafundishwi adabu akiisha kuota vipi. Hufundishwa yungali kifaranga." Maneno hayo niliyaona kuwa kweli katika kila alichonionyesha.

Kazi huanza na mayai. Kuku jike wa kuchi hutaga machache, tena ni mzito na miguu yake mirefu huweza kuyavunja akiatamia. Kwa hiyo mzee huyaweka chini ya kuku wa kawaida aliye mtulivu, kumi au kumi na mawili, yasiyozidi siku saba tangu kutagwa. Siku ya 21 huanguliwa. Hapo ndipo taabu huzidi, maana vifaranga vya kuchi huchelewa kuota manyoya, na mvua za masika zikivikuta nusu uchi hufa kwa baridi. Usiku hufunikwa pamoja na mama yao katika tenga lililotandikwa majani makavu. Maji huwekwa katika kisahani chenye vijiwe, visije vikazama. Chakula ni chenga za mahindi, machicha ya nazi kidogo, na mchwa. Mwewe ni adui wa zamani, lakini siku hizi kunguru wa kigeni amemshinda kwa wizi. Mtoto mmoja huketi hapo na fimbo asubuhi yote, na ajira hiyo haipendi hata kidogo.

Vifaranga vya kuchi huanza kupigana vikiwa na umri wa majuma machache tu. Mzee haviingilii, huviacha vikue mbele ya jogoo mkubwa, naye huviamua kwa dono moja. Msomi wa Norway, Schjelderup-Ebbe, aliandika mwaka 1922 kwamba kuku wana daraja zao, kila mmoja akijua nani amdonoe na nani amwepuke. Wafugaji wa Kuruwitu hawakuhitaji kitabu kulijua hilo. Ila katika kuchi daraja haidumu. Majogoo wafikapo miezi minne hutengwa kila mmoja katika banda lake, na ukuta uwe wa makuti yaliyosukwa sawasawa. Wavu haufai: wakionana watapigana kupitia matundu yake mpaka vichwa vitoke damu.

Jogoo anayemrukia mtu ni jambo jingine. Usimpige teke wala usimkimbie, kwa maana yote mawili humthibitishia kuwa wewe ni jogoo mwenziwe. Simama tu. Jioni, giza linapoingia, mchukue kwa utulivu, mweke kwapani, tembea naye. Mpe chakula kwa mkono. Ncha za vipi hukwanguliwa kwa tupa, si kukatwa, kwani ndani mna damu. Lakini akiisha kumlenga mtoto usoni, hana dawa ila chungu, wala asiachiwe kuzaa, maana tabia hiyo hurithiwa. Mimi naona sheria hii ni ya haki, na mchuzi wake ni mtamu.

Vijana hupajua hapo kwa mzee. Huja na pesa nzuri, wakitaka jogoo wa kupiganisha. Sheria ya Kenya yakataza kupiganisha wanyama, naye huwakatalia. Lakini sababu yake kubwa ni mdondo. Majogoo wa nyumba ishirini wakikutanishwa uwanjani, mmoja mgonjwa hutosha kumaliza kijiji kizima. Kule California, Marekani, mdondo ulioanzia kwa majogoo wa kupigana mwaka 2002 ulisababisha kuku zaidi ya milioni tatu kuuawa ili ugonjwa uzuiwe. Mzee hajapata kufika California, ila ameona mabanda matupu. Kila miezi mitatu kuku wake hutiwa tone la chanjo jichoni, wote siku moja, na majirani huleta wao, kwa sababu chupa moja hutosha kuku wengi na haiwekeki ikiisha kufunguliwa.

Ili damu isirudi nyumbani mno, hubadilishana majogoo na mfugaji wa Takaungu. Siku niliyokuwapo wawili walikuwa safarini: mmoja katika tenga la kushoto, mmoja la kulia, na katikati gunia nene, nao wakawika zamu kwa zamu mpaka barabara kuu.