Kasiksi ya Rutshuru na wageni wa Kibumba

Kwetu Kibumba baridi ya Nyiragongo inafaa viazi na kabichi, lakini mgomba hudumaa. Ndiyo maana kasiksi ya posa tuliitafuta daima chini, upande wa Rutshuru. Wengine husafiri mbali kuonja divai kwenye mizabibu yake, Dodoma au hata Meksiko. Sisi tulizeeka tukinywa kasiksi bila kuona inavyotengenezwa. Basi, kabla ya vita vya 2022, tulishuka watu watatu kwa njia ya Rugari na Rumangabo, kutafuta bidoni mbili za posa ya mdogo wetu.

Muzee aliyetupokea alituonyesha shimo kwanza. Ndizi mbichi zilikuwa zimelala humo siku kadhaa, zimefunikwa majani, zikiivishwa kwa moto na moshi. Wanaume walizimenya, wakazikamua kwa nyasi mpaka ukatoka mutobe. Wakautia maji na unga wa mtama uliokaangwa, wakaufunika ndani ya mtumbwi wa mti.

"Muzee, mutobe na kasiksi si kitu moja?"

"Hapana, batoto. Mutobe ni ya leo, hata mutoto anakunywa. Kasiksi ni ya kesho kutwa, inataka mutu wa akili."

Akachota ile iliyokuwa tayari, akaonja yeye kwanza mbele yetu, ndipo akatupa kibuyu. Tulipoisifu akacheka: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji!

Kisha akatupeleka shambani. Nusu ilikuwa visiki. Mnyauko, ugonjwa ulioonekana Masisi mwaka 2001, ulikuwa umefika: majani hugeuka manjano, ndizi huoza ndani. Alivunja ua la mgomba kwa kijiti chenye panda, maana kisu hubeba ugonjwa toka mgomba hadi mgomba. Panga lake alilipitisha motoni.

Mwishoni mwa 2022 vita vilifika Kibumba, na watu wengi wakakimbilia Kanyaruchinya. Posa moja tuliyohudhuria huko ilifanywa kwa soda. Hakuna aliyekataa. Lakini mzee mmoja aliuliza: "Sasa nani ataonja kwanza, kama chupa imefungiwa kiwandani?"

Tulinyamaza. Tumeandika haya ili vijana wetu wajue kazi ya shimo, ya nyasi na ya kile kijiti. Mgomba ukikatwa huacha chipukizi pembeni. Fundi wa kasiksi akiondoka bila kufundisha, haachi kitu.