Kusi Ubavuni

Mwezi wa saba, kusi ikiwa imekolea, hakuna anayepanda ndege ndogo ya Unguja kwenda Pemba akitarajia kusinzia. Siku hiyo abiria tulijaa, nami nikapewa kiti cha mbele, ubavuni mwa rubani. Cessna Caravan hurushwa na rubani mmoja, hivyo kiti cha pili mara nyingi humwangukia msafiri mwenye bahati. Au mwenye mkosi, hutegemea hali ya hewa. Sharti lilikuwa moja: nisiguse kitu, hasa pedali zilizokuwa mbele ya miguu yangu, maana zimeungana na zake.

Kupaa Unguja hakukuwa na hadithi. Njia ya kurukia pale imelala kaskazini-kusini, na kusi huikuta ndege karibu usoni, jambo ambalo kila rubani analipenda. Pemba ni kesi nyingine. Njia ya uwanja ule imelala kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, hivyo upepo unaotoka kusini-mashariki huipiga ndege ubavuni. Tena Pemba ni kisiwa cha vilima, minazi na mikarafuu. Upepo uliokuja shwari baharini ukigonga hayo yote hukatikakatika, ukafika uwanjani kwa mikupuo.

Mnara ukatupa habari: upepo nyuzi 150, noti 12, mikupuo hadi 20.

"Hizo 20 zenyewe si neno, kaka," Kapteni akaniambia. "Tabu ni zile nane za katikati, zinazokuja na kuondoka."

Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mbawa zake. Mkupuo ukikoma ghafla, mwendo wa hewa hiyo hushuka papo hapo, na ukiwa karibu na ardhi huna nafasi ya kuurudisha. Kwa hiyo akabeba akiba: nusu ya zile nane, yaani noti nne, juu ya mwendo wake wa kawaida wa kutua. Hakuzidisha, kwani ndege yenye kasi ya ziada huelea, ikaila njia bila kugusa chini. Flapu nazo hakuziteremsha zote. Caravan imejaribiwa na watengenezaji wake kwa upepo wa ubavuni wa noti 20. Kwa pembe ya siku ile mikupuo ilitupa kama 17. Ikizidi, alisema, tunarudi Unguja.

Nikaitafuta njia mbele ya pua ya ndege, haikuwapo. Ilikuwa upande wangu, kuliani, kwa sababu pua ilielekezwa kushoto kuukabili upepo. Tulikuwa tunakwenda mshazari kama kaa, na Kapteni alikuwa ametulia kabisa.

Karibu na ardhi akakanyaga pedali ya kulia, pua ikanyooka na njia. Hapohapo akalilaza bawa la kushoto upande wa upepo ili tusisukumwe. Mkupuo ukalipiga lile bawa, likanyanyuka. Tukaanza kuhamia kulia, kwenye majani. Nyuma mtu akaita, "Ya Latifu!" Kapteni hakujaribu kuokoa chochote. Akasukuma wenzo wa nguvu, tukapaa tena.

Abiria wengi huhesabu kitendo hicho kuwa kushindwa. Mimi, tangu siku hiyo, rubani anayenitia hofu ni yule anayeng'ang'ania kutua.

Mara ya pili gurudumu la kushoto liligusa peke yake, kisha la kulia, mwisho la pua. Watu wakaanza kufungua mikanda. Kapteni bado alikuwa ameukunja usukani kushoto, kwani mbawa za Caravan ziko juu na upepo unaweza kulinyanyua moja hata ndege inapotambaa kwenda kuegeshwa.

Mlangoni bibi mmoja akasimama.

"Mwanangu, ile mara ya kwanza uliona nini?"

"Sikuona kitu, bibi. Ndege ilitaka kwenda majanini, sikuafikiana nayo."

"Ulifanya vyema," akasema bibi, akadai kapu lake la samaki.