Achia, Maalim!



Msimu wa kusi uliopita nilitoka kwetu Gasenyi, Bujumbura, nikaenda Unguja kumtembelea mdogo wangu anayeishi Paje. Kusi huvuma vizuri pale kuanzia Juni hadi Septemba, na maji ya ndani ya mwamba ni ya kina kifupi. Ndiyo maana wengi huenda huko kujifunza kuteleza juu ya maji kwa ubao, wakivutwa na tiara kubwa. Mdogo wangu akanilipia masomo. Nina miaka 46, najua kuogelea, na tiara nilirusha utotoni. Nikasema, kuna ugumu gani?

Siku ya kwanza ubao hatukuugusa. Mwalimu wangu, kijana wa rika la wanafunzi wangu wakubwa, alinifundisha kwa mfano wa saa ya ukutani. Ukiupa upepo mgongo, namba 12 iko juu ya kichwa, 9 kushoto, 3 kulia. Tiara ikikaa kwenye 12 imetulia. Ikishuka katikati, mbele yako, inavuta kama ng'ombe. Ukivuta mpini kwako nguvu inaongezeka, ukiuachia inapungua. Akanionyesha pia kifungo cha kuizima tiara wakati wa hatari, nikakifungua mara kadhaa mpaka mkono ukazoea.

Siku ya tatu tukaanza kuinuka majini. Unakaa majini, miguu kwenye ubao, magoti yamekunjwa, tiara juu. Kisha unaishusha upande unaotaka kwenda, ikuinue. Mimi kila nilipohisi mvuto niliogopa, nikaung'ang'ania mpini na kuuvuta kifuani. Nikarushwa mbele, nikaanguka kifudifudi, nikanywa maji ya chumvi.

"Achia, Maalim!" akasema yule kijana.

Nadhani alilisema neno hilo mara 20. Sauti yake haikupanda hata mara moja, wala hakunicheka. Kila mara alinishikia ubao, tukaanza upya.

Nikiwa nimekaa majini nikamkumbuka mtoto mmoja wa madrasa yangu. Alikuwa akichanganya dhaad na dhaa. Nilimkemea mbele ya wenzake, akaacha kuja. Nami nilijiambia kuwa ni mvivu. Kumbe kujua neno ni jambo moja, na mwili kulitii ni jambo jingine. Mimi nililijua neno "achia" tangu siku ya kwanza.

Jioni ile niliuachia mpini, nikasimama, nikaenda kama mita 10. Alhamdulillah.

Niliporudi Gasenyi nilikwenda nyumbani kwa yule mtoto, nikamwomba radhi mbele ya baba yake. Alirudi Jumamosi. Dhaad bado inamshinda, na sote wawili tunaanza upya kila siku.

Wazazi, na sisi walimu, tujifunze kitu kipya angalau mara moja tukiwa watu wazima. Tutakumbuka ladha ya kushindwa.

Wassalaam.