Kutangulia Si Kufika

Safari ya gari huanza pale injini inapowashwa, na safari ya chombo huanza pale nanga inapong'olewa. Lakini safari ya miguu haina mwanzo ulio wazi namna hiyo. Aghalabu huanza miezi kadhaa kabla ya hatua ya kwanza, katika nyumba ambamo mtu ametazama miguu yake akajiuliza kama itamfikisha. Ikiwa safari yenyewe ni ya watu wengi, swali hilo huongezeka uzito, kwa sababu kila mmoja hana budi kutazama miguu ya wenzake pia.

Ndivyo inavyoanza kila mwaka hija ya Namugongo. Kati ya mwaka 1885 na 1887, wakati wa utawala wa Kabaka Mwanga wa Pili, Wakristo wa Buganda waliuawa kwa ajili ya imani yao. Mashahidi 45 hukumbukwa kwa majina yao: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo, karibu na Kampala, tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na tarehe 3 Juni ni siku ya mapumziko katika Uganda nzima. Mahujaji hutoka Uganda yenyewe, Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo na kwingineko. Wengi hupanda magari. Lakini wako ambao huona kuwa mahali ambapo wengine walipelekwa kwa miguu wakiwa wamefungwa, si vibaya mtu huru naye apaendee kwa miguu.

Katika parokia moja ya magharibi ya Kenya, mwendo wa siku moja kutoka mpaka wa Malaba, watu 36 walijiandikisha mwaka mmoja wa karibuni. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu ambaye alikuwa amekwisha kwenda mara nne, na maandalizi aliyafanya kama afanyavyo mtu anayejua njia itamuuliza nini. Kila mmoja alitoa mchango wa kukodi gari dogo la kubeba magodoro, masufuria, unga na maji. Kila mmoja alionyesha kitambulisho chake cha taifa, kwa kuwa tangu mwaka 2014 raia wa Kenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho hicho. Daftari lilifunguliwa, na mbele ya kila jina likaandikwa jina la ndugu wa kupigiwa simu endapo jambo litatokea. Muuguzi wa zahanati, naye akiwa miongoni mwa mahujaji, alijaza sanduku bandeji, dawa na chumvi ya kuoshea miguu.

Juu ya viatu mwalimu alikuwa mkali kuliko juu ya sala. Alisema mtu anaweza kujifunza rozari njiani, lakini hawezi kujifunza kiatu njiani. Kiatu kipya kilikatazwa kabisa. Kinachotakiwa ni kiatu kilichokwisha kuujua mguu na kusameheana nao. Vikanunuliwa pia vizibao vya manjano vinavyong'aa mbele ya taa za magari, kwa sababu barabara ya Malaba haina usingizi: malori ya Mombasa huipita usiku na mchana, yakibeba mafuta na bidhaa kwenda Kampala na mbali zaidi. Amri ikawa kutembea upande wa kulia, wawili wawili, ili kila mtu ayaone magari yanayomjia.

Kwa Jumamosi sita mfululizo kundi lilijizoeza. Walianza kwa kilomita 8, wakafika 12, na Jumamosi ya mwisho wakatembea 20. Siku hiyo ndipo shida ilipojitokeza. Mjane mmoja mwenye umri wa miaka 67, ambaye goti lake la kushoto lilikuwa na maumivu ya zamani, alifika saa moja na nusu baada ya wenzake wote. Alifika bila kulalamika, akaketi chini ya mti, akanywa maji, akauliza Jumamosi ijayo wataanza saa ngapi.

Jioni ile ulifanyika mkutano. Kijana mmoja, fundi mwashi, alisimama akatoa hesabu. Kutoka Malaba mpaka Namugongo ni zaidi ya kilomita 200. Siku zilizotengwa ni kumi tu. Mtu akiwachelewesha wenzake saa moja na nusu kila siku, mwisho wake ni saa 15, yaani zaidi ya siku nzima ya kutembea. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba siku 14 bila ujira, na katika kazi ya ujenzi nafasi ya mtu haikai wazi. Akamgeukia yule mjane kwa adabu, akasema, "Mama, usinielewe vibaya. Wewe panda basi, tutakukuta kule kule. Mungu haangalii nauli."

Hesabu yake haikuwa na kosa, wala maneno yake hayakuwa na matusi, na kwa sababu hiyo yalikuwa magumu kujibiwa. Watu walitazama sakafu. Mjane hakueleza kuwa marehemu mumewe alikwenda hija hiyo mara mbili kwa miguu, na kwamba safari ya tatu walikuwa wameahidiana kwenda pamoja, kifo kikatangulia. Baadhi ya waliokuwapo walilijua jambo hilo, yeye hakulitumia. Alisema tu, "Mwanangu, sikuomba kubebwa. Naomba kungojwa."

Mwalimu alikaa kimya kwa muda, kisha akasimulia jambo ambalo wengi walilisikia utotoni bila kulitafakari. Mashahidi wale, alisema, nao walikuwa msafara wa miguu. Hukumu ilitolewa Munyonyo mwishoni mwa Mei 1886, na kutoka huko waliswagwa kuelekea Namugongo. Si wote waliofika. Mmoja wao, Gonzaga Gonza, alikuwa Msoga wa Bulamogi, mwenyeji wa nchi ya Busoga ambayo mahujaji wa Malaba huivuka kabla ya kufika Jinja. Minyororo ilikuwa imeibana miguu yake mpaka ikavimba, na alipofika Lubowa hakuweza kuendelea. Walinzi hawakumngoja. Walimwua kwa mkuki pale pale, tarehe 27 Mei, msafara ukaendelea.

"Sasa tuamue," alisema mwalimu, "sisi tunafuata nyayo za nani katika msafara ule: za wafungwa, au za walinzi wao."

Fundi mwashi hakutahayari. Alijibu kuwa habari hiyo ni ya kweli na ya uchungu, lakini haipunguzi hata kilomita moja. Naye alisema haki. Huruma isiyotazama saa huwaumiza watu kama vile saa isiyojua huruma. Wema wa nia haufupishi barabara, na tarehe 3 Juni haimngoji mtu. Kwa hiyo mkutano haukumalizika kwa machozi, bali kwa ratiba. Walikubaliana kuondoka kila siku saa kumi alfajiri badala ya saa kumi na moja, na mapumziko ya mchana yapunguzwe kwa nusu saa. Kwa namna hiyo saa moja na nusu ilipatikana, na kila mmoja aliilipa kwa usingizi wake. Tena ikawekwa sharti: mjane atembee mbele, nyuma ya mchukua msalaba, na hakuna wa kuupita msalaba.

Sharti hilo la mwisho lina hekima kubwa kuliko lionekanavyo. Mtu dhaifu akiwekwa nyuma, kila hatua humwonyesha migongo ya wenzake ikizidi kuwa mbali, na pengo hilo humchosha kuliko barabara yenyewe. Wenye nguvu nao humngoja kwenye kivuli, na anapofika, wao wamekwisha kupumzika na wako tayari kuondoka. Hivyo anayehitaji pumziko kuliko wote ndiye hulikosa. Lakini akiwekwa mbele, mwendo wake huwa ndio mwendo wa wote, na jina la "mchelewaji" hupotea, maana hakuna tena wa kuchelewa nyuma yake.

Usiku wa kuamkia safari ilisomwa misa. Katika siku zilizotangulia mahujaji walikuwa wamelipa madeni madogo dukani na kuwaendea majirani waliokosana nao, kwa maana si adabu mtu kwenda kuomba msamaha mbali na hali ameuacha wa jirani bila kuombwa. Padre alibariki watu, akabariki na viatu, akawanyunyizia maji. Saa kumi alfajiri, katika giza na umande, msalaba uliinuliwa, wimbo ukaanzwa na sauti moja ya kike, na nyayo 72 zikaingia barabarani.

Siku ya kwanza haikuwa nyepesi. Mvua ya Mei iliwakuta kabla ya saa nne asubuhi. Malori yaliwarushia maji ya matope. Na jua lilipotoka lilikuwa kali. Baada ya adhuhuri mwendo wa mjane ulipungua zaidi ya ilivyotazamiwa. Hapo fundi mwashi alitoka katika safu yake, akautwaa mfuko wa mjane begani pasipo neno, akaubeba. Wenzake walipomsifu alikataa sifa. Alisema hakufanya kwa huruma, alifanya kwa hesabu: mzee asiye na mzigo huenda upesi. Yamkini alisema kweli. Lakini mfuko ulibebwa, na bega la mzee lilipata nafuu ile ile ambayo lingeipata kwa huruma.

Waliingia Malaba usiku, saa moja na zaidi baada ya wakati uliopangwa. Walilala katika ukumbi wa kanisa, na beseni za maji ya chumvi zikapitishwa. Fundi mwashi alipovua soksi alikuta malengelenge mawili chini ya kisigino. Mjane, aliyekuwa ameketi mkabala naye, alitoa katika mfuko ule ule aliobebewa kikopo kidogo cha mafuta, kilichokwisha nusu.

"Paka kabla ya soksi, usingoje kidonda," alimwambia. "Mzee wangu alifika mara mbili kwa haya."

Kijana alikipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, Mama," alisema, wala hawakuzungumza zaidi.

Asubuhi walipanga mstari mpakani, vitambulisho mkononi, kisha wakavuka mto Malaba. Ng'ambo ile barabara ilikuwa ile ile, na malori yalikuwa yale yale. Namugongo ilikuwa bado zaidi ya kilomita 200 mbele yao, na hesabu ya fundi mwashi ilikuwa bado inadai saa yake. Hakuna aliyeweza kuapa kuwa goti lile lingefika Iganga, sembuse Jinja. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na watu hulitumia neno hilo kuwaonya wenye haraka. Lina na upande wa pili unaowahusu wote: anayefika baada ya kumwacha mwenzake njiani amefikisha miguu tu. Mchukua msalaba alitazama nyuma kuona kama mjane yu tayari. Mjane alifunga kitambaa chake cha kichwa, akaitikia kwa kichwa, na safu yote ikaanza kwenda kwa mwendo wake.